Mwanangu amekatiwa tiketi ya MAX: apande au asipande?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Binti yangu amekatiwa tiketi na ofisi yake, nami nilipoisoma nikaona ndege ni Boeing 737 MAX 9. Jina hilo nalikumbuka tangu ile iliyoanguka Ethiopia ikija Nairobi. Usingizi umeniruka. Kwanza naomba kujua, apande au abadilishe tiketi? Pili, kwa nini kila ndege ya teknolojia mpya inapotoka lazima watu wafe kwanza ndipo irekebishwe?

JIBU: Shikamoo mama.

Nianze na hilo lililokunyima usingizi. Mwache apande. Mimi ni fundi wa ndege, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20, na mke wangu akikatiwa tiketi ya ndege hiyo leo nitambebea begi mpaka uwanjani. Sisemi hivi kukutuliza moyo tu, nitakueleza kilichobadilishwa. Lakini swali lako la pili ndilo zito, na ndani yake kuna ukweli unaouma. Sitalipita juu juu.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ndiyo safari iliyoanzisha huduma ya abiria kwa ndege za jeti duniani. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, kisha Entebbe, halafu Livingstone. Huduma ya jeti kati ya London na New York ilikuja kuanza mwaka 1958, kwa hiyo Entebbe waliiona jeti ya abiria miaka 6 kabla ya njia hiyo kubwa kuanza. Nakutajia hili kwa sababu watu wengi hudhani habari za teknolojia mpya ya ndege ni za huko kwao, sisi tunaletewa mitumba. Ile mpya kabisa ilipita hapa hapa kwetu.

Comet iliruka juu karibu mara mbili ya ndege za pangaboi za wakati ule. Kule juu hewa ni nyembamba, mtu hawezi kupumua, hivyo ndani hujazwa hewa. Ndege ikipaa, mwili wake unavimba kidogo kama puto. Ikitua, unanywea. Kesho tena, na kesho kutwa tena.

Mama, umewahi kumtazama fundi ujenzi aliyesahau koleo lake? Hushika waya wa kufungia nondo, akaukunja huku, akaukunja kule, na mara ya sita au ya saba unakatika mkononi mwake. Hakuuvuta kwa nguvu. Ameuchosha tu. Hicho ndicho sisi tunakiita uchovu wa chuma, na ndicho kilichoimaliza Comet. Tarehe 10 Januari 1954 mojawapo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikiwa na watu 35. Ilikuwa ndege ile ile iliyofungua safari ya Entebbe. Wakazisimamisha zote, wakazifanyia marekebisho ya kubahatisha, wakazirudisha angani mwezi Machi kabla hawajajua sababu. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka kati ya Roma na Cairo, watu 21.

Hapo ndipo wataalamu wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, walipofanya jambo ambalo mpaka leo hutufundisha kazi. Walichukua Comet nzima wakaizamisha mwili wake kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza na kuitoa shinikizo mchana na usiku, kana kwamba inapaa na kutua. Walitumia maji kwa sababu chuma kikipasuka ndani ya maji hakiripuki vipande vipande, kwa hiyo unaweza kuona ufa ulipoanzia. Ndege hiyo ilikuwa imesafiri mara 1,221 kabla ya kuingia tangini. Ilipofikisha jumla ya mizunguko 3,057 ikapasuka, na ufa ulianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa ubavuni. Ile iliyoopolewa baharini karibu na Elba ilikutwa na ufa ulioanzia kwenye kona pia, ya kidirisha kidogo cha antena juu ya paa.

Wahandisi wa de Havilland hawakuwa wazembe. Walijua chuma huchoka, na walikuwa wamekijaribu. Kosa ni kwamba kipande walichokijaribu walikuwa wamekwisha kukijaza shinikizo kubwa kupita kiasi katika jaribio jingine la awali, na shinikizo lile likakikaza zile kona. Kikawapa majibu mazuri mno ambayo ndege za kawaida zisingeweza kuyatoa. Walidanganywa na chuma, nao hawakumdanganya mtu. Walipoujua ukweli wakauanika wote hadharani, hata washindani wao wa Marekani wakausoma na kuunda ndege zao kwa kuufuata. Comet 4 iliyozaliwa baada ya hapo ndiyo East African Airways walianza kuitumia mwaka 1960, ikawabeba watu wetu kwenda London.

Huo kweli ni uchungu wa kukua. Watu walikufa kwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijua.

Ya MAX mimi nakataa kuyaita hivyo, na naomba unisikilize vizuri hapa, maana ndipo linapolala jibu la swali lako.

Ukisimama karibu na pua ya ndege, chini kidogo ya madirisha ya marubani, utaona kijibawa kidogo kinachoweza kufunikwa na kiganja. Kipo kimoja kila upande. Kinazunguka kufuata upepo, na ukikisukuma kwa kidole kinageuka laini kabisa, bila mlio. Kazi yake ni kuiambia kompyuta pua imeinuka kiasi gani dhidi ya upepo. Jirani yake kuna mirija ya kupima kasi, ambayo huku pwani hatuthubutu kuilaza bila kuifunika, kwa sababu nyigu wa udongo anatafuta tundu kama hilo ajenge nyumba. Mtu akiniuliza usalama wa anga ni nini, mimi hukumbuka vitu hivyo vidogo kabla ya kukumbuka injini.

Sasa, 737 ni ndege ya zamani, iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, na iko chini chini. Boeing ilipotaka kuigeuza kuwa MAX kwa kuifunga injini mpya kubwa zinazokula mafuta kidogo, zikakosa nafasi chini ya bawa, ikabidi zisogezwe mbele na kupandishwa juu. Hilo likabadilisha tabia ya ndege: katika hali fulani pua hupenda kuinuka. Ili kuizuia, wakaweka programu iitwayo MCAS, inayosogeza bawa la mkia na kuishusha pua yenyewe bila rubani kuiamuru. Programu ile ilikuwa inasikiliza kijibawa kimoja tu, ilhali viko viwili. Kikisema uongo, inauamini, inaishusha pua. Rubani akiiinua, inasubiri sekunde chache, inaishusha tena. Na kitabu cha marubani hakikuwaeleza kwamba kitu hicho kipo, kwa sababu kukieleza kungeweza kulazimisha mafunzo mapya ya gharama kubwa.

Jioni ya tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ilitoka Denpasar kwenda Jakarta, Indonesia. Kijibawa chake cha kushoto kilikuwa kimetoka kubadilishwa, na kile kilichofungwa kilikuwa kinasoma nyuzi 21 pembeni ya ukweli. Usukani ukatetemeka safari nzima kuonya, na pua ikawa inashuka yenyewe. Katika chumba cha marubani alikuwamo rubani wa tatu aliyepanda kama msafiri. Wakazima swichi za umeme wa bawa la mkia, wakaendesha kwa mkono, wakafika salama. Walipotua waliandika kwenye daftari la ndege hitilafu za kasi na za kimo. Hawakuandika kwamba usukani ulitetemeka njia nzima, wala kwamba walizima swichi za mkia.

Mafundi wa usiku ule walirekebisha walichoandikiwa. Mimi ningefanya vivyo hivyo. Fundi hana macho ya kuona safari ambayo hakuwamo, anasoma daftari. Asubuhi ya tarehe 29 marubani wengine wakaichukua ndege ile ile, na dakika 13 baadaye ikaingia bahari ya Java na watu 189.

Mwezi Desemba mwaka huo, FAA, ambayo ndiyo mamlaka ya anga ya Marekani, ilipiga hesabu yake ya ndani: MAX zikiachwa bila marekebisho, katika umri wote wa ndege hizo zinaweza kutokea ajali nyingine takribani 15. Hesabu hiyo walikuwa nayo mkononi, na ndege zikaendelea kuruka wakati programu mpya inatengenezwa. Tarehe 10 Machi 2019 ile ya Ethiopian ikaondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika 6. Watu 157, na kati yao Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Marubani walizima swichi zile zile kama walivyoelekezwa baada ya ajali ya kwanza, ila mwendo ulikuwa mkubwa mno, gurudumu la kuzungusha mkia kwa mkono likawa zito, halikugeuka.

Comet iliua kwa jambo lisilojulikana. MAX iliua kwa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kujulikana kwa vipande: kidogo kiwandani, kidogo kwa mamlaka, kidogo kwa wale waliotua Jakarta usiku ule. Hakuna aliyevikusanya akavisema kwa sauti. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili kumaliza shitaka la kula njama ya kuihadaa mamlaka. Kwa hiyo mama, unapouliza kama lazima watu wafe kwanza, jibu langu ni hapana. Hao 157 haikuwa lazima.

Mfano wa kwamba haikuwa lazima upo. Januari 2013 ndege mpya kabisa, Boeing 787, ilianza kuwaka betri. Ni betri za lithiamu kama ya simu yako, ila kubwa. Moja ilishika moto Boston ikiwa imeegeshwa, nyingine ikatoa moshi angani Japani na kutua kwa dharura. Hakufa mtu. Ndani ya siku chache 787 zote 50 zilizokuwa kazini duniani zikasimamishwa, wenye nazo wakala hasara kwa zaidi ya miezi mitatu, betri zikafungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Ndege ya kwanza kurudi kazini na abiria, tarehe 27 Aprili 2013, ilikuwa ya Ethiopian kutoka Addis kuja Nairobi. Njia ile ile.

Hata hapa nyumbani umeliona bila kujua ndilo. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ilipopunguza safari, watu walilalamika kwamba ndege mpya za A220 zimelala hangani. Zilikuwa na injini za kizazi kipya, ambazo feni ya mbele imeunganishwa kwa giaboksi ili izunguke polepole na kula mafuta kidogo. Injini hizo zilisumbua mashirika mengi duniani, si letu peke yake. Ilikuwa hasara kubwa, na kama walipa kodi tunayo haki ya kuumia. Lakini ndege iliyolala hangani haijamuua mtu, na mimi uchungu wa kukua wa namna hiyo naupokea kwa mikono miwili.

Turudi kwa binti yako. MCAS ya leo inasikiliza vijibawa vyote viwili, na vikitofautiana inajizima. Ikiamka, inasukuma mara moja tu kwa tukio moja, na haiwezi tena kumshinda rubani nguvu. Kila rubani wa MAX analazimika kuifanyia mazoezi kwenye mashine ya kuigiza urukaji, tena akiwekewa hitilafu ile ile. Ndege hizi zilikaa chini miezi 20, kuanzia Machi 2019 hadi Novemba 2020, na mamlaka za nchi nyingine nazo zikazikagua kwa macho yao badala ya kuisubiri Marekani iseme. Air Tanzania walipopokea MAX 9 yao ya kwanza Oktoba 2023, yote hayo yalikuwa yamekwisha kufanyika.

Na hii ya MAX 9 ina kisa chake ambacho huenda utakisikia kwa jirani, bora nikwambie mimi. Tarehe 5 Januari 2024, huko Marekani, kipande kinachoziba tundu la mlango usiotumika kilichomoka angani kwenye ndege ya Alaska Airlines iliyokuwa na watu 177. Hakufa mtu. Wachunguzi walikuta boliti nne za kukishikilia hazikuwapo kabisa. Kiwandani walikifungua ili warekebishe ribiti za jirani, wakakirudisha bila boliti, na kazi ile ya kukifungua haikuandikwa popote. Hapo hapakuwa na kompyuta wala teknolojia mpya. Boliti ni boliti tangu enzi za babu zetu. Ilikosekana karatasi yenye sahihi ya mtu. Ndege 171 za aina hiyo zikashushwa, zikafunguliwa moja moja na kukaguliwa boliti kwa boliti.

Nikisoma ripoti kama ile moyo huenda mbio, kwa sababu najua kazi isiyoandikwa inavyotokea. Ni saa tisa usiku, zamu inakwisha, mtu mmoja amefungua kifuniko, mwingine ndiye atakayekifunga, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyejaza kadi.

Nikupe na langu. Nikiwa na mwaka wa pili kazini, nilimaliza zamu ya usiku nikapanda daladala kurudi nyumbani. Nikiwa dirishani, nikapapasa mfuko wa ovaroli: tochi yangu ndogo haimo. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa nimejipenyeza kwenye chumba cha magurudumu, nimeishika kwa meno ili nipate mikono yote miwili. Vifaa vya karakana nilivihesabu vyote, ila tochi ile ilikuwa yangu mwenyewe, haikuwa kwenye orodha. Nilikaa na simu mkononi vituo viwili vizima. Nilikuwa naiona kazi ikiniponyoka, naona na mama yangu aliyeuza shamba nikasome. Nikapiga. Ndege ilikuwa imekwisha kupakia abiria, injini bado.

Waliisimamisha. Abiria walikaa karibu saa nzima kwenye joto, wamekasirika, na haki yao. Tochi ilipatikana juu ya bomba moja, karibu na nyaya za gurudumu la kushoto. Nilirudi uwanjani natetemeka. Msimamizi wangu, mzee mmoja mkali aliyeogopwa na karakana nzima, alinikabidhi tochi yangu, akanipa kalamu na fomu, akaniambia andika kila kitu ulivyofanya, usiache neno. Nilipomaliza alisaini chini yangu. Kuanzia wiki ile tochi za mafundi zikaingizwa kwenye orodha ya vifaa, na mimi nikaendelea na kazi. Angenifukuza siku ile, kijana mwingine aliyeona yaliyonipata angekaa kimya na tochi yake.

Kwa hiyo mimi sizihukumu ndege kwa upya au ukuukuu wake. Nimefanya kazi kwenye ndege yenye miaka 25 iliyokuwa salama kama siku ilipotoka kiwandani, na nimeona mpya yenye harufu ya rangi bado ikirudishwa hangani mara tatu. Nikitaka kujua kama shirika ni la kuaminika, huuliza rubani au fundi wake anapoandika kosa lake mwenyewe anafanywa nini. Wakiniambia hukatwa mshahara, nakata tiketi kwingine.

Mwambie binti yako afunge mkanda muda wote akiwa ameketi, hata taa ya mkanda ikizimwa. Hilo ndilo la maana kuliko kubadilisha aina ya ndege. Na ikitokea wamefika mlangoni wakaambiwa safari imeahirishwa kwa sababu za kiufundi, asimfokee yule dada wa kaunta. Akutumie ujumbe, atafute pa kukaa, asubiri.